Kufukuza wachimbaji hakutoshi kuwaokoa Wayanomami

Wayanomami wanaishi katika msitu wa Amazon, mpakani mwa Brazil na Venezuela. Upande wa Brazil, serikali ilitambua ardhi yao mwaka 1992: zaidi ya hekta milioni 9, ambamo kuchimba dhahabu ni kinyume cha sheria. Hata hivyo wachimbaji waliingia kwa maelfu. Mwezi Januari 2023, serikali ya Rais Lula ilitangaza hali ya dharura ya kiafya, kwani watoto walikuwa wanakufa kwa njaa na malaria.

Njaa inatoka wapi kwa watu wenye msitu na mito? Jibu liko machimboni. Mashimo yanayoachwa yanajaa maji, na mbu wanazaliana humo. Mwenye malaria hawezi kulima ndizi na muhogo, wala kwenda kuwinda. Kelele za mashine zinafukuza wanyama. Zebaki inayotumiwa kukamata dhahabu inaingia mtoni, samaki wanaimeza, na mama anayekula samaki hao anaipitisha kwa mtoto aliye tumboni.

Kiongozi wao Davi Kopenawa ameeleza hatari hiyo kwa miaka mingi. Serikali imetuma askari. Mashine na ndege za wachimbaji zimechomwa. Ni vizuri, lakini anayefukuzwa leo anarudi kesho, kwa sababu mnunuzi bado anamngoja. Hadi mwaka 2023, sheria ya Brazil iliridhika na neno la muuzaji: akisema dhahabu imetoka mahali halali, mnunuzi alihesabiwa kuwa na nia njema. Mwaka huo Mahakama ya Juu ilisimamisha kanuni hiyo. Kwangu mimi, uamuzi huo una uzito kuliko operesheni nyingi za kijeshi.

Sisi wa mashariki mwa Kongo tunaielewa habari hii. Zebaki tunaiona kwenye machimbo yetu, na mito yetu pia inageuka tope. Tunajua kwamba mchimbaji mara nyingi ni maskini anayetafutia watoto chakula. Faida kubwa inabaki kwa mwenye mashine na mwenye kununua. Basi huyo mnunuzi ndiye aulizwe kwanza: dhahabu hii imetoka shimo gani? Asipoulizwa, ardhi ya Wayanomami itabaki kuwa yao kwenye karatasi tu.