Rozari Kati ya Takataka

Tunasikia mara nyingi neno hili, hata kwa wakristo wenye elimu: «Picha ni ya kupendeza macho. Mambo ya mipaka na ya wafungwa ni kazi ya serikali. Wachoraji na wapiga picha wana shauri gani humo?» Neno hilo hatulikubali, nasi tutaeleza kwa sababu gani.

Huko Marekani, katika jimbo la Arizona, karibu na mpaka wa Meksiko, kuna mji mdogo uitwao Ajo. Mwaka 2003 mtu mmoja, Tom Kiefer, alipata kazi ya kufagia katika kituo cha polisi wa mpaka. Hapo ndipo walipoletwa watu waliokamatwa jangwani, wanaume kwa wanawake, waliovuka bila ruhusa. Walinyang'anywa vitu walivyochukua. Mwaka 2007 Kiefer aliomba ruhusa ya kuokota vyakula vya makopo vilivyotupwa, awapelekee maskini. Alipotia mkono katika takataka hakukuta makopo tu. Alikuta rozari. Alikuta Biblia, vitana, miswaki, sabuni, viatu, pochi.

Amri ya kituo ilisema nini? Kwamba vitu hivyo si vya lazima, ao vyaweza kuleta hatari. Rozari si ya lazima! Mtu ametembea siku nyingi katika jua kali, ameacha nyumba na ndugu, amebaki na zile shanga mkononi. Naye mlinzi aliyekula asubuhi anaamua kwamba hana haja nazo. Nani alimpa kipimo hicho? Hatusemi kwamba nchi haina haki ya kulinda mpaka wake. Ina haki. Lakini haki ya kumfunga mtu si haki ya kuitupa sala yake pamoja na maganda ya machungwa.

Basi yule mfagiaji alivipeleka vitu hivyo nyumbani kidogo kidogo, mpaka alipoacha kazi mwaka 2014. Akavipanga, rozari pamoja na rozari, vitana pamoja na vitana, akavipiga picha taratibu, kama sakristani anavyotandika vitu vya altare. Kazi hiyo aliiita kwa Kispanyola El Sueño Americano, maana yake Ndoto ya Marekani. Hutazami uso wa mtu, wala machozi. Nguvu yake ni hiyo hasa: kila kitana kina kichwa chake, na mtazamaji anaanza kuhesabu mwenyewe.

Wengine wanapinga: «Amejipatia sifa kwa mali ya wengine.» Swali hili si la bure, maana mwenye rozari hakuulizwa, wala hakurudishiwa. Lakini tupime vema. Mkosaji ni yule aliyeitoa mfukoni mwa mfungwa, ao yule aliyeitoa katika pipa? Kama Kiefer angefagia tu na kunyamaza, leo serikali ingeweza kusema hakuna kilichotupwa, na nani angebisha?

Na watoto je? Mwaka 2018, mahali paitwapo Tornillo, jimbo la Texas, kambi ya mahema ilisimamishwa jangwani, wakafungiwa humo vijana zaidi ya 2.000 waliofika bila wazazi. Wengi walitoka Amerika ya Kati. Walimu wakawaagiza watengeneze vitu vya kukumbuka nchi zao. Wakachora hata quetzal, ndege wa heshima wa Guatemala. Kambi ikafungwa Januari 2019. Padri Rafael Garcia, Mjezuiti aliyewasomea Misa, aliomba kazi zao, akapewa sehemu ndogo tu, karibu 30. Zikaonyeshwa mwaka uleule katika chuo kikuu cha El Paso. Je, huyo padri naye aliingilia kazi ya serikali?

Sisi wa Kongo tusiseme ni mambo ya mbali. Mwezi wa sita 2019 wenzetu kwa mamia walifika San Antonio, Texas, wakitoka mikononi mwa polisi wa mpaka. Walikuwa wamepita Ekwado na msitu wa Darién pamoja na watoto wao. Wakubwa wa mji wakatafuta kwa haraka watu wenye kujua Kifaransa. Na hapa kwetu wako waliocheka: «Nani aliwatuma?»

Anayeuliza hivyo tungependa aitazame ile picha ya rozari, kisha atuonyeshe ni kwa alama gani angeitambua ya mama yake kati ya zile nyingine.