Mwimbaji Mpya, Bendi ya Zamani

Juma hili nakuomba tufunge safari ndefu kidogo. Tuvuke daraja la Mto Tana tuingie Garissa, tuipite Garissa, tushike njia ya mchanga na miiba kiasi cha kilomita 100 mpaka Dadaab, halafu tuteremke kusini hadi Hagadera. Najua ukilisikia jina hilo unafikiria mahema, foleni za chakula na magari meupe ya Umoja wa Mataifa. Hayo yapo. Lakini leo sikupeleki kwa ajili ya hayo. Nakupeleka sokoni, kwenye kibanda kimoja cha mabati, ukasikilize ugomvi wa bendi.

Mwenye kibanda ni mzee wa ndevu zilizotiwa hina. Kazi yake ni kuchaji simu za watu, kufufua redio zilizokufa na kuwatilia vijana nyimbo kwenye simu zao. Adhana ikilia huzima kila kitu, na wapo majirani ambao wangefurahi kama asingewasha tena baada ya swala. Nilikuwa nimekalia dumu lililopinduliwa, kikombe cha chai ya maziwa ya ngamia mkononi, alipoingia mwanafunzi wa kidato cha tatu, sare ya shule ingali mwilini. Aliunganisha simu yake na spika ya mzee, ikaanza kupiga albamu ya Dur-Dur Band.

Mzee alisikiliza wimbo mmoja na nusu, akatikisa kichwa.

"Hii si Dur-Dur, adeer."

"Mbona jina liko hapa, adeer? Soma mwenyewe."

"Jina ni jina tu. Mwimbaji yuko wapi?"

(Usishangae kuona wote wawili wakiitana adeer. Adeer ni ndugu wa baba, nayo heshima hiyo kwa Wasomali huenda na kurudi: kijana humwita mzee hivyo, na mzee naye humrudishia lile lile. Walikuwa wamegeukia Kiswahili kwa hisani ya mgeni.)

Sasa kama hukupata kuisikia Dur-Dur, usijilaumu. Bendi hiyo ilizaliwa Mogadishu mwanzoni mwa miaka ya 80, chini ya mpiga kinanda Isse Dahir Qassim. Durdur kwa Kisomali ni kijito. Siku hizo bendi kubwa za nchi ile zilikuwa za serikali: Waaberi ilikuwa ya taifa, Iftin ilikuwa ya Wizara ya Elimu. Dur-Dur ilikuwa ya watu binafsi, ikila jasho lake kwenye hoteli na kumbi za dansi, kwa hiyo ilibidi iwachezeshe watu au ilale njaa. Wakachukua magitaa ya umeme na mdundo wa fanki kutoka Marekani, wakavichanganya na saar, ngoma ya kupunga pepo, pamoja na dhaanto, mwendo ambao ukiusikia leo utaapa kwamba ni rege. Mbele walisimama waimbaji kadhaa. Baastow alikuwa fundi wa saar, Shimaali wa dhaanto, na kulikuwa na binti aliyeitwa Sahra Dawo, mwenye sauti nyembamba, kali, isiyosahaulika. Mwaka 1987 walirekodi kanda yao ya tano katika studio za Radio Mogadishu.

Miaka minne haikupita sana. Januari 1991 Rais Siad Barre akaukimbia mji, na waliokuwa wakizicheza nyimbo hizo wakakimbia pia, kila mtu kwa njia yake. Kambi ya Ifo ilifunguliwa mwaka huo. Hagadera na Dagahaley zikafuata mwaka 1992. Zote tatu pamoja zilikusudiwa watu 90,000, na wewe unajua jinsi hesabu hiyo ilivyoharibika baadaye. Mzee wetu alifika na redio kaseti moja isiyo na betri na kanda tatu mfukoni mwa koti. Wanamuziki nao walitawanyika. Sahra Dawo aliishia Columbus, jimbo la Ohio huko Marekani. Mpiga gitaa la besi Cabdillahi Cujeeri akawa mkazi wa London. Na huko nyumbani mambo yalifika pabaya kiasi kwamba mwezi Aprili 2010 wanamgambo walipiga marufuku muziki katika redio za Mogadishu, na vituo vingine vikawa vinatenganisha vipindi kwa milio ya risasi na sauti za wanyama. Mtu aliyekuwa na kanda ya zamani mfukoni alikuwa na kitu ambacho redio ya mji wake mwenyewe haikuthubutu kukipiga.

Basi, mwaka 2019 baadhi ya wazee hao wa muziki walikutana Berlin, Ujerumani, Cujeeri akiwaongoza, wakaingia studio. Albamu yao, The Berlin Session, ilitoka mwaka 2023. Anayeongoza kuimba si Baastow, si Shimaali, wala si Sahra Dawo. Ni Xabiib Sharaabi (hiyo X isome kama h nzito ya Kiarabu), nyota mwingine wa Mogadishu ya enzi zile aliyekuwa akiishi Uswidi, akisaidiana na Faduumina Hilowle. Ndiyo albamu iliyokuwa ikipigwa na simu ya mwanafunzi.

"Sharaabi namjua," mzee alisema. "Sauti yake nzuri, simkatai. Lakini si sauti ya kanda yangu."

Usimcheke, msomaji. Ugomvi huu umezigawa nyumba nyingi, za matajiri na za maskini, tangu watu walipoanza kupiga muziki wa roki. Chukua AC/DC ya Australia. Mwimbaji wao Bon Scott alifariki tarehe 19 Februari 1980. Kabla ya Agosti ya mwaka huohuo wenzake walikuwa wamemleta Brian Johnson, wamerekodi na wameitoa Back in Black, jalada lake jeusi tii kwa ajili ya matanga, na wimbo wa kwanza ukianza kwa mlio wa kengele. Ikawa moja ya albamu zilizouzwa kuliko zote duniani. Johnson hakuiga sauti ya marehemu. Alipiga kelele zake mwenyewe, akaachiwa azipige.

Chukua na Queen, ambao sisi wa mwambao tuna haki ya kuwasemea. Freddie Mercury alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, na aliondoka na wazazi wake mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Alifariki tarehe 24 Novemba 1991, mwaka uleule Mogadishu ilipoanguka. Miaka mingi wenzake hawakujua wafanye nini na kiti chake. Mpiga besi John Deacon alistaafu. Waliobaki, Brian May na Roger Taylor, walianza ziara mwaka 2005 pamoja na Paul Rodgers, aliyekuwa na sifa zake kutoka bendi za Free na Bad Company, na mwaka 2008 wakatoa naye albamu, The Cosmos Rocks. Ni kama mchezaji wa Gor Mahia aliyehamia AFC Leopards: utampigia makofi akifunga bao, lakini macho yako bado yanaona jezi ya kijani. Rodgers naye hakuiga, hilo nampa. Kosa la albamu ile, kwa maoni yangu, lilikuwa jingine. Nyimbo zenyewe zilikuwa za kawaida, na mwimbaji hodari hawezi kuukuza wimbo uliozaliwa mfupi. Mwaka 2009 wakaagana kwa heri.

Hata hivyo walifanya jambo moja la uungwana. Juu ya jalada hawakuandika Queen peke yake. Waliandika Queen, wakaweka alama ya kujumlisha, wakaandika Paul Rodgers. Mnunuzi alijua anachonunua. Dur-Dur wa Berlin nao wamejiita Dur-Dur Band Int. Ni herufi tatu tu na nukta, lakini zinamwambia mtu wa Hagadera ukweli: sisi ndio, na sisi sio.

Hapa kwetu tumeyaona hayo mara ngapi? Les Wanyika ilipoachwa na Issa Juma, sauti ya Sina Makosa, aliyekwenda kuunda Super Wanyika, kulikuwa na watu waliosema mambo yamekwisha. John Ngereza akashika maikrofoni. Leo ukipanda matatu Nairobi ukasikia nyimbo za Ngereza, nani anayekumbuka kwamba aliwahi kuwa mrithi?

Na hapo ndipo nilipoona pa kumkamata mzee wangu wa ndevu za hina. Maana ukichunguza, wengi wa hao waimbaji "wa asili" tunaowalilia waliingia kwa mlango uleule wa nyuma. Bon Scott hakuwa wa kwanza AC/DC; alimpokea Dave Evans mwaka 1974. Freddie mwenyewe alikuwa shabiki na rafiki wa bendi iliyoitwa Smile, akina May na Taylor wakiwamo, na ilikuwa mpaka mwimbaji wao Tim Staffell alipojiondoa mwaka 1970 ndipo kijana wa Unguja akapata nafasi na kuibadilisha bendi jina. Sahra Dawo je? Aliingizwa Dur-Dur akiwa msichana kuchukua nafasi ya mwimbaji wa kike aliyemtangulia.

Nikamwambia hilo la Sahra, nikijiona nimeshinda.

Mzee alikoroga chai yake, ingawa sukari ilikuwa imeyeyuka zamani.

"Unaniambia mimi?" akasema. "Mimi nilikuwapo Mogadishu. Nilipomsikia huyo Sahra mara ya kwanza nilisema, hii si Dur-Dur."

Mwanafunzi alicheka mpaka akashika meza. Mzee naye akacheka, lakini hakubadili msimamo. Alisema ilimchukua mwaka mzima kumzoea Sahra, na alimzoea kwa sababu alikuwa kijana, ana kazi, ana mke, na kila Alhamisi usiku wimbo ule ule ulikuwa ukilia kwenye nyumba ya jirani. Huyu Sharaabi wa Berlin atamzoea wapi? Jirani gani atamlilizia?

Nikamgeukia kijana. Yeye alizaliwa Hagadera. Bahari ya Mogadishu hajaiona isipokuwa kwenye kioo cha simu. Binamu yake aliye Ulaya ndiye aliyemtumia albamu, na kwake Dur-Dur ya kwanza kabisa maishani ni hii ya Berlin. Baadaye ndipo alipotafuta zile za 1987. Akazipenda? Kidogo. "Zinasikika kama walirekodi ndani ya sufuria," alisema, "halafu yule mama anaimba juu sana." Kwa masikio yake mgeni ni Sahra Dawo. Sharaabi ndiye mwenyeji.

Nilikaa nikifikiri kwamba wangeweza kuendelea hivyo mpaka jua litue, kila mmoja akiitetea nyumba yake. Lakini kijana aliuliza swali ambalo mimi mwandishi, na diploma yangu, sikufikiria kuuliza. Alitaka kujua zile kanda tatu ziko wapi.

Mbili ziliharibika, vumbi la huku linatafuna kila kitu. Moja ipo. Mzee aliitoa kwenye kopo la maziwa ya unga, imefungwa kwa kitambaa. Upande wa kwanza ni Dur-Dur mwanzo hadi mwisho. Upande wa pili ni Dur-Dur mpaka katikati tu. Ilikuwa desturi ya watu kambini kutumiana barua kwa kanda, maana kusema ni rahisi kuliko kuandika, na kanda tupu zilikuwa adimu. Kaka yake aliyekuwa ng'ambo aliombwa habari, akatumiwa kanda hiyo kwa mkono wa msafiri, akarekodi juu ya nyimbo, akairudisha. Sahra anaimba, anaimba, kisha kinasikika kishindo cha kitufe, na sauti ya mwanamume inaanza kusalimia jamaa mmoja mmoja kwa majina. Kaka huyo alifariki baadaye huko huko.

Sasa unajua kwa nini sauti haibadilishwi hovyo katika kibanda kile.

Kijana alinyamaza kwa muda. Kisha akaomba, kwa adabu, kama anaweza kuihamisha kanda hiyo kwenye simu kabla haijafa kama zile nyingine. Mzee alifungua droo, akaanza kutafuta waya unaofaa kati ya nyaya labda arobaini, akilalamika kwamba vijana hawarudishi vitu vya watu. Aliupata. Akaipuliza kanda vumbi, akaitia kwenye redio kubwa ya fedha iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli.

"Upande wa kwanza chukua wote, adeer," alisema. "Wa pili, akianza kuongea ndugu yangu, simamisha."

Wakaanza kurekodi. Walikuwa wamefika wimbo wa tatu adhana ya alasiri ilipolia, mzee akazima, akatafuta birika la udhu. Kijana akabaki amekaa, simu yake mkononi, akisubiri warudi kumalizia.