Siku ya Kuwapokea Wanachuo Wapya ni Somo la Kwanza

Katika baadhi ya vyuo vyetu vya ualimu hutengwa siku moja ya kuwakaribisha wanachuo wapya. Meza hupangwa uwanjani. Idara, vyama na vikundi vya michezo kila kimoja huwa na meza yake, nao wageni hupita wakisikiliza na kujiandikisha. Sisi wakufunzi tumezoea kuihesabu siku hii kuwa kazi ya mlezi wa wanachuo, isiyohusiana na mbinu za kufundisha. Kwa maoni yangu tunakosea. Hilo ndilo somo la kwanza analofundishwa mwalimu mtarajiwa chuoni, na namna alivyofundishwa ndiyo atakayokwenda nayo darasani.

Mwaka mmoja nilihudhuria siku kama hiyo katika chuo nilichokuwa nikifundisha. Wanachuo wa mwaka wa pili walisimama nyuma ya meza chini ya miembe, wakaeleza. Wageni wakasikiliza, wakaandika majina, wakasogea. Juu ya meza ya sayansi palikuwa na hadubini moja iliyofunikwa kitambaa. Msichana mmoja, aliyetoka shule isiyokuwa na maabara, aliuliza kama mtu ambaye hajapata kuitumia hadubini anaweza kujiunga. Mwenyeji wake alicheka, na waliokuwa nyuma wakacheka pia. Hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini binti yule hakuandika jina lake pale, wala katika meza nyingine yoyote. Nilimfundisha muhula mzima, na sikumbuki kuuona mkono wake ukiinuliwa.

Na tuipime siku ile kama tunavyopima somo la mwanachuo aliye katika mazoezi ya kufundisha. Lengo lilikuwa nini? Hakuna aliyeliandika. Zana ilikuwapo, nayo ilifunikwa. Mwanafunzi aliuliza swali, akajibiwa kwa kicheko. Tathmini ilikuwa kuhesabu majina kwenye karatasi. Mkufunzi gani angemfaulisha mwanachuo aliyefundisha Darasa la Nne namna hiyo?

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka elimu imjengee kijana mambo matatu: akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kwa yale wafanyayo wengine na kuyalinganisha na mahitaji yake, na imani kwamba yeye ni mtu huru aliye sawa na wenzake. Mwaka 1968 mwanasaikolojia wa Marekani, David Ausubel, aliandika kwamba jambo lenye uzito kuliko yote katika kujifunza ni yale ambayo mwanafunzi tayari anayajua. Mafundisho haya tunayaandika ubaoni kila mwaka. Binti yule alikuwa amefundishwa kinyume chake kabla hatujashika chaki.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila meza iwe na andalio la somo lenye lengo moja: mgeni atende nini kabla ya kuondoka. Hadubini ifunuliwe, ngozi ya kitunguu iwekwe chini yake, kila mgeni atazame kwa jicho lake. Pili, mwenyeji aanze kwa kuuliza, si kwa kueleza. Miongoni mwa wageni wapo waliofuga nyuki, walioongoza ngoma, waliofundisha watoto madrasa au kanisani. Hayo ni maarifa ya kuanzia. Tatu, jioni wakufunzi na wenyeji wakae pamoja, watafute majina ya wale ambao hawakujiandikisha popote, na kila mmoja apewe mwenzake wa kumtembelea bwenini.

Wapo watakaosema kwamba wageni ni wengi na muda ni mfupi. Ni kweli; basi wagawanywe makundi, au meza zipunguzwe. Ni afadhali mgeni atende jambo moja kuliko kuelezwa kumi. Wapo pia wasemao kwamba mwalimu hana budi kukomazwa, na kuchekwa kidogo hakuui mtu. Hakuui, lakini kunafundisha, na kinachofundishwa ni kwamba asiyejua anyamaze.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mwanachuo wa mwaka wa pili anayejifunza kulipokea swali la mgeni kwa heshima amepata zoezi la kufundisha ambalo hatungeweza kumpa kwa mihadhara. Binti yule wa hadubini sasa ni mwalimu. Siku moja mtoto wa darasa lake atauliza swali ambalo wenzake watalicheka, na wote watamtazama mwalimu waone atafanya nini. Ndugu wakufunzi, tukae na wanachuo wetu wa mwaka wa pili kabla wageni hawajafika, tuwape kazi hii kwa maandalio, tuisahihishe kama tunavyosahihisha masomo mengine.