Mlango wa Mbele Una Hesabu Yake

Anayebadilisha mlango wa mbele mara nyingi ana haraka. Wa zamani umeliwa na mchwa, au umevunjwa usiku, au umevimba hadi watoto wanausukuma kwa bega ndipo ufunguke, na nyumba haiwezi kulala wazi. Wauzaji wanaijua haraka hiyo. Ndiyo maana Dar es Salaam, kuanzia karakana za Keko na Buguruni hadi maduka ya vifaa ya Kariakoo, mteja hukutana na maneno yale yale, na asipoyapima hulipa pesa ya milango miwili akaondoka na mmoja. Nataka kuyajibu, kwa sababu watu wanaoumia ni wale waliojinyima miaka kujenga nyumba. Bei ya haki haipatikani kwa kujua kubishana. Inapatikana kwa kuhesabu kilichomo ndani ya mlango, na hesabu hiyo anaiweza yeyote mwenye tepu na kalamu.

“Mbao zimepanda, bei ndiyo hiyo.”

Mbao hupanda kweli. Swali ni kupanda huko kunaongeza kiasi gani kwenye mlango mmoja. Mbao ngumu huuzwa kwa futi, na mlango wa futi 3 kwa 7 una futi zinazohesabika. Anza na fremu ya mbao za inchi mbili kwa sita: miimo miwili ya futi 7 kila mmoja, na ya juu inayolala ya futi 3 na ushee. Weka futi 18. Njoo kwenye mlango wenyewe, wa paneli: mbao mbili za pembeni ni futi 14, tatu za kulala, yaani ya juu, ya katikati penye kitasa na ya chini, ni futi 9. Hizo ni futi 23 nyingine za mbili kwa sita. Nafasi ya paneli inayobaki ni kama futi 2 kwa 5 na nusu, ambayo inakula futi 17 hivi za moja kwa nane. Sema 20, maana vipande vya kutupa havikosi. Jumla ni futi 41 za mbili kwa sita na futi 20 za moja kwa nane. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa ajili ya mabaki.

Sasa pita maduka matatu ya mbao, uliza bei ya futi kwa kila saizi, uzidishe. Weka bawaba tatu, kitasa, gundi, msasa na vanishi. Tofauti kati ya jumla yako na bei uliyotajiwa ni ufundi, kodi ya karakana, umeme na faida, na fundi anastahili vyote hivyo. Lakini kwa mlango usio na nakshi, tofauti ikizidi gharama ya mbao na vifaa vyote kwa pamoja, una haki ya kuuliza ni ya kazi gani. Na ukiambiwa mbao zimepanda, uliza zimepanda shilingi ngapi kwa futi. Zikipanda shilingi 500, mlango mzima na fremu yake unapanda shilingi 30,000 na ushee. Haupandi laki mbili.

“Huu ni mninga, bosi, tena mkavu.”

Haya ni madai mawili, na kila moja lina kipimo chake. Mninga unapendwa kwa milango kwa sababu hausinyai wala hautanuki sana ukishakauka; mkongo nao ni hivyo, na mchwa hawauwezi. Paini, kama ile inayotoka Sao Hill kule Mufindi, ni mbao nzuri kwa kazi zake, ila ikishapakwa rangi ya kahawia na vanishi juu, jicho la mteja linadanganyika. Kwa hiyo usikague uso wa mlango. Omba ulazwe, uangalie ukingo wa chini, ambao mafundi wengi hawaupaki kitu, halafu angalia ndani ya tundu la kitasa. Hapo mbao inajisema yenyewe: kama uso ni wa kahawia iliyoiva na ndani ya tundu ni nyeupe ya njano, umeshapata jibu. Njia bora zaidi ni kuagiza mlango na kwenda kuuona kabla haujapakwa chochote.

Ukavu nao hupimwa, kwani kuigonga mbao kwa vidole hakukuambii kitu. Omba kipande kilichokatwa kutoka katikati ya ubao utakaotumika. Cha ncha hukauka mapema na kitakudanganya. Kipime kwenye mzani wa jikoni. Kiweke kwenye oveni ya moto mdogo, uwe unakitoa na kukipima, hadi uzito uache kushuka. Kama kilikuwa gramu 500 kikaishia 440, maji yaliyotoka ni gramu 60. Zigawe kwa 440, unapata kama asilimia 14. Kwa Pwani, yenye hewa ya unyevunyevu, mbao hiyo imetulia. Dodoma inatakiwa iwe kavu zaidi. Kikishuka hadi gramu 400, hiyo ni asilimia 25: mbao mbichi. Mlango wake utapendeza siku ya kufungwa, kisha paneli zitaachia nyufa, na msimu wa masika utavimba. Mbao mbichi inamfaa anayeweza kusubiri ikauke, kwa bei ya mbao mbichi.

Sheria nayo ipo upande wako hapa. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Ila neno la mdomo ni gumu kulithibitisha, kwa hiyo aina ya mbao iandikwe kwenye karatasi ya makubaliano au kwenye risiti.

“Fremu lazima itoke.”

Mara nyingine ni kweli, na mara nyingi ni kazi ya kujiongezea. Kung'oa fremu ni kubomoa plasta pande zote mbili, kumlipa mwashi, kununua saruji na kupaka rangi upya. Chukua bisibisi, uichome kwenye miimo, hasa inchi sita za chini zinazogusa sakafu, maana mchwa huanzia huko. Ikizama bila nguvu, fremu imekwisha. Ikigoma kotekote, na fremu haijapinda, ibaki. Mlango mpya upimwe kuifuata hiyo. Fremu ya mbao ngumu iliyokaa miaka ishirini imeshakauka kuliko yoyote utakayouziwa leo.

“Chukua wa chuma, hakuna mwizi anayeupita.”

Hapa ndipo watu wanapotoa pesa nyingi kwa kitu wasichokiona. Milango mingi ya chuma inayoletwa kutoka China ni mabati mawili yaliyokunjwa, na kati yake karatasi ngumu iliyopangwa kama sega la nyuki. Muuzaji atakuambia huu ni wa milimita 50, ule ni wa milimita 70, na bei inapanda kufuata namba hiyo. Namba hiyo ni unene wa mlango pamoja na karatasi na hewa iliyomo. Unachopaswa kukijua ni unene wa bati.

Kama hataki kusema, uzito utasema. Chuma cha unene wa milimita 1 kina karibu kilo 7.85 kwa kila mita ya mraba. Mlango wa sentimita 90 kwa 210 una nyuso mbili zenye jumla ya mita za mraba 3.8 hivi. Bati likiwa la milimita 1, hizo nyuso peke yake ni kama kilo 30. Likiwa la nusu milimita, ni kama kilo 15. Mlango unaobebwa na kijana mmoja kwa mkono mmoja kutoka kwenye gari haustahili bei ya mlango mzito, hata ukiwa na vitasa vitano vya kung'aa. Kopo la maziwa nalo ni chuma.

Mwizi mwenye mtaimbo, tena, hahangaiki na uso wa mlango. Anapenya kati ya mlango na fremu. Fremu ya chuma ni tupu kwa nyuma, na isipojazwa mota hadi igusane na ukuta inapinda. Kwa hiyo ukiambiwa bei ya kufunga, uliza kama kujaza mota kumo. Wanaoishi karibu na bahari waangalie pia ukingo wa chini na pembe za mlango: pakiwa na mkwaruzo uliofika kwenye bati, chumvi ya hewani itaanzia hapo, na karatasi ya ndani ikilowa haikauki upesi.

Kuhusu vitasa niseme jambo moja. Kitasa cha liva mbili kina aina chache za funguo, kiasi kwamba ufunguo wa jirani unaweza kufungua kwako. Mlango wa mbele unahitaji cha liva nyingi zaidi, na tofauti ya bei ni ndogo mno ukilinganisha na bei ya mlango.

“Twende duka la rafiki yangu, atatupunguzia.”

Huenda akapunguza kweli. Lakini cha juu kipo katika biashara hii: fundi anapeleka mteja, na duka linamrudishia kitu. Simlaumu fundi anayetafuta riziki, ila hicho cha juu unakilipa wewe bila kukiona. Uliza bei peke yako kwanza. Kama duka la rafiki lina bei sawa na mengine, nunua hapo kwa moyo mweupe.

“Nipe pesa yote nikaanze kazi.”

Hapana. Nendeni pamoja kwenye mbao, ulipe dukani kwa mkono wako, risiti iandikwe jina lako. Kuanzia hapo mbao ni mali yako hata zikiwa karakanani kwake. Mpe sehemu ya ufundi akianza, nyingine mlango ukifungwa, na sehemu ya mwisho ibaki wiki mbili mpaka uone unafunga na kufunguka bila kukwama. Yote yaandikwe: vipimo, aina ya mbao, tarehe.

“Ukitaka risiti, kuna kodi juu.”

Asiyesajiliwa kukusanya kodi ya ongezeko la thamani haruhusiwi kukutoza kodi hiyo. Aliyesajiliwa anawajibika kuilipa serikalini, uchukue risiti usichukue. Chukua risiti.

“Mafundi wote matapeli, wewe kata bei nusu.”

Hili husemwa na sisi wateja, na ndilo linaloniudhi kuliko yote. Bei ikikatwa bila hesabu, mbao nazo zinakatwa. Ya mbili kwa sita iliyopasuliwa vizuri, ikishapigwa randa, inabaki kama inchi moja na robo tatu. Fundi aliyebanwa atatafuta iliyopasuliwa nyembamba ibaki inchi moja na robo, ataruka kuunga kwa ulimi na tundu apige misumari, ataweka bawaba mbili badala ya tatu. Hajakuibia: amekutengenezea mlango wa pesa uliyompa. Anayepasua, kuranda, kuunga na kupiga msasa mlango wa mbao ngumu anafanya kazi ya siku kadhaa, na watoto wake wanasoma kwa pesa hiyo.

Kwa hiyo fanya hesabu ya futi kabla hujaenda karakanani, nenda na karatasi yako, umwonyeshe fundi. Mkipishana, mpishane kwenye namba. Mkikubaliana, mlipe ufundi wake wote, bila kumkata hata elfu tano siku ya mwisho.