Usubi si Mmoja

Nataka kuwajibu wenzangu wasemao kwamba kupanga wadudu kwa aina zao, na kukariri majina ya Kilatini, ni kupoteza wakati. Mimi nasema wakati uliopotea ni ule wa kutojua. Mfano wangu ni usubi, aliyepofusha watu wengi katika nchi yetu kwa kuwatia mnyoo mdogo anapowauma.

Usubi ni wa jamaa ya nzi, kwa kuwa ana mabawa mawili tu. Urefu wake ni kama milimita mbili au tatu; mgongo una nundu, na vipapasio ni vifupi mfano wa shanga zilizotungwa. Jike ndiye afyonzaye damu. Buu wake hukaa katika maji yaendayo kasi, amejishikiza kwa kulabu za mkiani, na kichwani ana vifagio viwili vya kuchujia chakula. Mpaka hapo usubi wote ni ndugu.

Lakini aliyewasumbua watu wa Jinja ni Simulium damnosum, ambaye zamani aliitwa mbwa (na wazee husema kuuma aliuma kweli). Miguu yake ya mbele imebapa, tena ina kishungi cha nywele. Mabuu yake yalishika mawe na majani katika maporomoko ya Nile. Basi katika miaka ya 1950, bwawa la Owen Falls lilipojengwa, dawa ya DDT ilitiwa mtoni, na mwishowe akatoweka hapo.

Sasa twende Mbale. Katika vijito vya Mlima Elgon ungegeuza mawe mchana kutwa usimwone buu wa yule aletaye upofu. Huyo ni Simulium neavei, na mabuu yake hupanda juu ya kaa wa mtoni! Siri hiyo ilifichuliwa Kenya mwaka 1950 na van Someren na McMahon. Tangu 2007 watu wa Elgon walipewa dawa ya kumeza mara mbili kwa mwaka, vijito vikatiwa dawa, na wakaguzi wakawa wanakamata kaa, si nzi peke yao, wapate kuhakikisha. Uambukizo ukakatika.

Ukutani mwa maabara yetu usubi amechorwa mmoja tu. Nashauri picha ya pili ichorwe, yenye kaa. Ninyi mliosoma hapa zamani na sasa mko Mbale, mkituletea kaa mmoja wa kutazamia tutashukuru.