Katuni zilizorudiwa: Jina lauza tiketi, bidhaa yapwaya

SOKO la filamu la Marekani lina bidhaa moja ambayo wanunuzi huilalamikia na bado huinunua. Ni zile katuni zilizopendwa na watoto wa miaka iliyopita, ambazo kampuni ya Walt Disney imekuwa ikizitengeneza upya kwa kutumia waigizaji wa kweli, au kwa wanyama wa kompyuta wanaofanana na wa porini.

Takwimu za mauzo zinaonyesha kuwa biashara hiyo si ndogo. Alice in Wonderland ya mwaka 2010 ilivuka dola za Marekani bilioni 1 duniani kote. Beauty and the Beast ya 2017 ilipata zaidi ya dola bilioni 1.2, na mwaka 2019 Aladdin na The Lion King zilivuka bilioni 1 kila moja. Kwa mwanahisa anayesoma mstari wa mwisho wa hesabu tu, hapo hakuna cha kujadili.

Hata hivyo, mauzo ni kitu kimoja na ubora ni kitu kingine. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Filamu hizi hazijiuzi wala hazijitembezi. Zinauzwa na jina zililolikuta.

Simba asiyecheka

Mfano ulio wazi ni The Lion King, ambayo msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa majina yake: Simba, Rafiki, Pumbaa, Shenzi. Katika katuni ya 1994 mchoraji alikuwa huru kumpandisha simba nyusi, kumkunja uso na kumliza, na mtoto aliyekuwa akitazama alijua mara moja kama mnyama yule ana hofu au ana furaha.

Mwaka 2019 uhuru huo uliondolewa. Mwongozaji Jon Favreau alieleza kuwa ni picha moja tu ya filamu hiyo, ile ya jua likichomoza, iliyopigwa kwa kamera Afrika. Nyingine karibu 1,500 zilitengenezwa kwa kompyuta. Ufundi huo ni mkubwa na hakuna anayeubeza. Tatizo ni kwamba simba wa kweli hatabasamu wala halii. Matokeo yake, Simba anayempoteza baba yake ana uso karibu uleule aliokuwa nao alipokuwa akicheza. Wimbo wa mapenzi unaotaja usiku umeonyeshwa mchana kweupe. Filamu imerefuka kutoka dakika 88 hadi 118, lakini hadithi ni ileile.

Wahakiki waligawanyika karibu nusu kwa nusu. Watazamaji wa Marekani waliohojiwa wakitoka ukumbini waliipa alama ya juu. Hilo halishangazi, kwani wengi walikwenda kukutana na utoto wao, na muziki ulipoanza waliukuta. Sifa hiyo ni ya filamu ya 1994.

Hesabu ya dola moja

Mfanyabiashara makini hatazami mauzo peke yake, bali huyalinganisha na gharama. Katuni ya 1994 iligharimu takriban dola milioni 45 na ikauza tiketi za zaidi ya dola milioni 700 ilipotoka. Kila dola 1 ya utengenezaji ilileta mauzo ya zaidi ya dola 15. Filamu ya 2019 iligharimu takriban dola milioni 250 na kuuza tiketi za dola bilioni 1.6, yaani kama dola 6 kwa kila dola 1. Marudio ya Snow White yaliyotoka Machi 2025 yaligharimu zaidi ya dola milioni 200, bila matangazo, na mauzo yake duniani kote yalikuwa takriban dola milioni 205. Ikizingatiwa kuwa karibu nusu ya fedha za tiketi hubaki kwa wenye kumbi, hasara hiyo haihitaji mhasibu kuiona.

Watetezi wa biashara hii watataja Lilo & Stitch, iliyotoka Mei 2025. Hiyo iligharimu takriban dola milioni 100 na kuvuka bilioni 1. Hoja yao ina uzito, lakini inathibitisha kuwa kilichouzwa ni jina lililo bado na nguvu. Watoto wa leo wanamjua Stitch kwa midoli na mikoba. Snow White ni katuni ya 1937.

Mtaji unaoliwa

Kiini cha jambo hili ni cha kihasibu. Tiketi hununuliwa kabla bidhaa haijaonekana. Mzazi hulipa kwa imani, na imani hiyo ilijengwa na wachoraji na watunzi wa miaka mingi nyuma. Kwa kanuni za uhasibu, jina jema lililojengwa na kampuni yenyewe haliandikwi kwenye mizania kama mali. Kwa hiyo linapochakaa, hakuna safu ambayo uchakavu huo utaandikwa. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Dalili za kuliwa kwa mtaji zipo. Cinderella ilisubiri miaka 65, kutoka 1950 hadi 2015, ndipo ikarudiwa. The Lion King ilisubiri 25. Moana ilitoka 2016, na mwaka 2023, baada ya miaka 7 tu, kampuni ikatangaza kuitengeneza upya kwa waigizaji. Ni sawa na mkulima anayechimba muhogo kabla haujakomaa kwa sababu ghala limeanza kupungua.

Si kwamba kampuni haijui thamani ya jina. Mwaka 2003 Disney ilisajili nchini Marekani maneno "Hakuna Matata" kuwa alama ya biashara kwa mavazi, na mwaka 2018 zaidi ya watu 100,000 walitia saini waraka wa kupinga. Jina linalindwa kwa sheria, lakini mtazamaji wa filamu yenyewe hana ulinzi wa namna hiyo.

Wala kurudia hadithi si kosa. The Lion King hiyohiyo ilipelekwa jukwaani New York mwaka 1997 chini ya Julie Taymor, ikiwa na watu hai waliovaa vinyago na kubeba wanasesere wa wanyama. Hakujaribu kumdanganya mtu kuwa yule ni simba wa kweli. Alibuni kitu ambacho katuni haikuwa nacho, na tamthilia hiyo imeingiza mabilioni ya dola kwa zaidi ya miongo miwili. Disney ilionyesha tena uwezo huo kwa Frozen ya 2013, hadithi iliyokuwa mpya kwenye rafu zake, iliyouza zaidi ya dola bilioni 1.2.

Mzazi naye ana uamuzi wake: asubiri wiki moja, aulize waliotangulia kuona, ndipo atoe fedha. Wazazi wengi wakifanya hivyo, studio zitalazimika kuuza filamu badala ya kumbukumbu. Na kama hazitatunga hadithi mpya sasa, mtoto wa leo akifika miaka thelathini hatakuwa na katuni yake ya kurudiwa.