BARAZA LA MICHEZO: Abaki au arudishwe?

Mwezi uliopita niliahidi kuandika juu ya viatu vya kandanda na namna ya kuvitunza. Niwieni radhi, viatu vitangoja kidogo. Gazeti hili likiwafikia, majina ya timu yetu ya vijana yatakuwa yamekwisha kubandikwa ubaoni, na najua maneno yatakuwa mengi. Basi acheni niseme kabla sijasemwa.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, yuko Kanada, mji wa Edmonton. Aliondoka hapa na mke na watoto watatu mwaka 2017. Anafanya kazi ya usiku kwenye ghala. Kila mwezi wa tisa ananitumia sauti kwenye simu, tena ndefu, dakika nane, dakika kumi, mpaka bando langu linakwisha. Si za shida, hapana. Ni mabishano ya wenzake kazini ananipelekea. "Mjomba," anasema, "hawa watu ikifika Septemba hawaongei kitu kingine. Mwaka wa kwanza nilidhani wanagombana juu ya mishahara. Kumbe ni mpira wa magongo!"

Mpira wenyewe si mpira. Ni kisahani cheusi cha raba ngumu, upana wake sentimita saba na nusu hivi, kinasukumwa kwa gongo juu ya barafu. Wachezaji wamevaa viatu vyenye kisu chini, na mwilini wamejifunga mito mpaka kijana mmoja hapa alipoona picha akaniuliza, "Mwalimu, hao watu wamebeba magodoro?" Kila upande wako sita pamoja na golikipa. Mchezo ni dakika 60, na kwa kuwa wanakimbia kama wanafukuzwa, mtu anacheza chini ya dakika moja, anatoka, mwingine anaingia bila kumngoja refa. Msidhani ni mambo ya Wazungu peke yao. Nairobi uwanja wa barafu ulifunguliwa mwaka 2005 ndani ya hoteli ya Panari, na Kenya ilipokelewa kwenye shirikisho la dunia la mchezo huo mwaka 2024.

Timu ya Edmonton inaitwa Oilers, watu wa mafuta, kwa sababu mkoa ule una mafuta ardhini. Ilichukua Kombe la Stanley mara tano kati ya 1984 na 1990, na tangu hapo wazee wa mji ule wanazungumza habari za zamani kama sisi tunavyozungumza habari za nyumbani.

Sasa, ugomvi wa Septemba uko hivi. Katikati ya mwezi kila timu inafungua kambi. Ndiyo, nao wanaiita kambi, ila ya kwao mtu anasikitika akiambiwa atoke! Wanaingia watu 50 au 60. Ligi ikianza wanatakiwa kubaki wasiozidi 23. Hebu fanya hesabu. Zaidi ya nusu wataondoka, na kila mmoja ana mtetezi wake kwenye ghala la mpwa wangu.

Wakongwe wenye mikataba mikubwa hawana wasiwasi. Ugomvi ni juu ya wale wa mkiani na juu ya chipukizi. Hao chipukizi wanapatikana kwa kitu kinaitwa drafti, si ile ya kete tunayocheza chini ya mwembe. Kila mwaka, msimu ukiisha, timu zinachagua vijana wa miaka 18 kwa zamu, na zile zilizofanya vibaya ndizo hupewa nafasi za mbele. Kijana akichaguliwa wa kwanza, mji mzima unamngoja kama mvua.

Halafu kuna ujanja wa kanuni. Chini ya ligi kuu kuna ligi ya pili ambako kila timu ina tawi. Tawi la Edmonton tangu 2015 liko Bakersfield, huko California. Mchezaji aliyekwisha kufikisha miaka au mechi kadhaa hashushwi huko kimyakimya. Jina lake linatangazwa kwanza kwa timu zote, na ndani ya saa 24 anayemtaka anamchukua, yeye na mkataba wake. Lakini kijana mpya hana tangazo. Anashushwa na kupandishwa kama ndoo ya kisima. Kwa hiyo mara nyingi kijana aliyecheza vizuri kambini ndiye anayeshushwa, na mkubwa aliyecheza ovyo anabaki, si kwa sababu ni bora ila kwa sababu wakimtangaza watamkosa. Mashabiki wanapiga kelele, "Huo ni uonevu!" Mpwa wangu naye alipiga kelele mpaka alipoelezwa kanuni. Mimi bado naona ni uonevu, lakini uonevu wenye hesabu.

Niwaambie habari ya kijana mmoja, maana ndiyo iliyonikalisha chini niandike. Anaitwa Leon Draisaitl, Mjerumani. Mwaka 2014 Edmonton ilimchagua, alikuwa wa tatu katika drafti. Timu ilikuwa taabani, tangu 2006 haijafika hatua ya mtoano, na haikuwa na watu wa kutosha wa kucheza kati. Kanuni ya wakati ule ilikuwa ngumu. Kijana wa umri wake aliyetoka ligi za vijana za Kanada hakuruhusiwa kupelekwa kwenye tawi. Ama abaki juu na watu wazima, ama arudi kwa vijana wenzake. Na akizidisha mechi 9 juu, basi mwaka wa kwanza wa mkataba wake, ule wa bei nafuu, umekwisha kuhesabiwa.

Wenzake mpwa wangu waliokuwepo wanasema mabishano yalikuwa makali. Upande mmoja: abaki, ana mwili mkubwa, atajifunzia kazini. Upande wa pili: mtoto huyo, mnamwunguza! Walimwacha abaki. Akacheza mechi 37, mabao 2 tu, pasi za bao 7. Mwezi wa kwanza 2015 wakamrudisha kwa vijana, timu ya Kelowna. Pande zote mbili zikakasirika. Mmoja ukasema mmemkatia tamaa, mwingine ukasema mmepoteza mwaka wa mkataba bure, si mngemrudisha tangu Oktoba?

Huko Kelowna akacheza kwa raha. Timu ikafika fainali ya mashindano makubwa ya vijana, Kombe la Memorial, ikafungwa, lakini yeye akachaguliwa mchezaji bora wa mashindano ingawa alikuwa upande ulioshindwa. Na msimu uliofuata hakuanzia juu, alianzia Bakersfield. Mwaka 2020 Draisaitl huyohuyo alimaliza na pointi 110 na akachukua tuzo ya Hart, yaani mchezaji wa thamani kuliko wote katika ligi nzima. Mwaka 2025 aliongoza ligi kwa kufunga, mabao 52.

Nilipomsikiliza mpwa wangu nikasimamisha sauti hapo, nikairudia. Mabao 2, akarudishwa kwa watoto. Halafu bora wa ligi nzima.

Wapo waliokwenda kinyume. Mwaka 1993 Ottawa ilimchagua wa kwanza Alexandre Daigle, kijana wa Kifaransa wa Quebec, akapewa fedha nyingi, na mwenyewe alijisifu kwamba hakuna anayemkumbuka wa pili. Wa pili alikuwa Chris Pronger. Pronger alichukua Hart mwaka 2000 na Kombe la Stanley mwaka 2007. Daigle yeye leo anatajwa zaidi kwa maneno yale.

Kuna na mambo ya kubadilishana wachezaji, na hapo ndipo ghala linawaka moto. Tarehe 29 Juni 2016 Edmonton ilimtoa Taylor Hall, mfungaji, aliyekuwa wa kwanza katika drafti ya 2010, ikamchukua beki wa New Jersey, Adam Larsson. Mtu kwa mtu. Watu walishika vichwa. Mfungaji kwa beki! Mwaka uliofuata Edmonton ikafika mtoano, mara ya kwanza baada ya zaidi ya miaka kumi. Aha, wakasema waliounga mkono, mnaona? Mwaka 2018 Hall naye akachukua Hart akiwa New Jersey. Aha, wakasema wengine, mnaona? Na hawajamaliza mpaka leo. Mpwa wangu yuko upande wa Larsson, lakini usimsikilize, yeye mwenyewe hapa alikuwa beki, tena wa kupiga miguu.

Wazee wao wana kidonda kikubwa zaidi, cha Agosti 1988, pale Wayne Gretzky, mchezaji mkubwa kuliko wote, alipopelekwa Los Angeles kwa wachezaji, nafasi za drafti na dola milioni 15. Mbunge mmoja alisimama akataka serikali izuie! Sisi wa Mazembe na V.Club tunajiona tuna wazimu wa timu.

Lakini kidonda kibichi ni cha Agosti 2024, wiki chache kabla ya kambi. Edmonton walikuwa wametoka kupoteza fainali kwa Florida katika mechi ya saba. Walikuwa na vijana wawili, beki Philip Broberg na mshambuliaji Dylan Holloway, wote wa raundi ya kwanza ya drafti, wote waliokwisha kupandishwa na kushushwa Bakersfield mara kadhaa. Mikataba yao ilikuwa imekwisha na timu haikuwa na haraka, ikijua hawana pa kwenda. St. Louis ikawaletea wote wawili karatasi ya mkataba siku moja. Kwa kanuni Edmonton ilipewa siku 7: lipa kiasi kilekile au waache. Ligi ina ukomo wa mishahara, msimu ule dola milioni 88 kwa timu, na Edmonton ilikuwa imejaza kwa wakubwa. Ikawaacha, ikapewa nafasi mbili za drafti. Msimu uliofuata Holloway alifunga mabao 26 huko St. Louis. Juni 2025 Edmonton ikapoteza tena fainali, tena kwa Florida.

"Mjomba," mpwa wangu anasema, "hapo ndipo nilipomsikia mzee mmoja wa pale kazini, mtu mkimya sana, anasema: tulimpandisha na kumshusha mara ngapi yule mtoto, na nani alikaa naye akamweleza?" Wengine wakacheka, wakarudi kwenye hesabu za mishahara. Mimi sikucheka.

Maana niseme ukweli wangu. Mwaka jana nilikuwa miongoni mwa wanne tuliochagua timu ya vijana. Kulikuwa na kijana mmoja, mguu wa kushoto mzuri, mwepesi, tukaona hajakomaa. Tukaandika majina, tukabandika ubaoni, tukaenda kula. Hakuna aliyemwambia. Alijua pale pale ubaoni, wenzake wamemzunguka, anasoma kutoka juu mpaka chini, anarudia tena kutoka juu. Nanyi wasomaji mnajua vizuri kuliko mimi ni nini kutafuta jina lako ubaoni usilione. Msimu mzima hakukanyaga uwanjani. Nilikuwa nikikutana naye bombani na madumu, ananisalimia vizuri, "Shikamoo Mwalimu," basi. Mwisho familia ikahamia zoni nyingine.

Mwaka huu yupo mwingine. Ana miaka 15, anacheza kati, ana akili ya mpira kuliko wakubwa wake watano. Sisi wanne tumegawanyika wawili kwa wawili, kama ghala la Edmonton. Wawili wanasema abaki na wakubwa, kuna mechi na wenyeji mwezi wa kumi na moja, tunamhitaji. Mimi na mwenzangu tunasema mifupa yake bado, wakubwa wanacheza na mwili, akae na wadogo mwaka mmoja, awe kiongozi wao, ashike mpira dakika zote badala ya kukaa benchi ameshika chupa za maji. Tulibishana jioni mbili. Mwisho mmoja wao akakubali, kwa sharti kwamba Januari tumtazame upya. Na mimi nikaomba jambo moja, majina yasibandikwe kabla sijaenda kwao.

Nilikwenda Jumatano baada ya mgao. Mama yake alinitolea kiti, akadhani mtoto amefanya fujo. Nikaeleza. Nikasema hajashindwa, nikasema anachokosa ni nini: nguvu ya mabega, na mguu wa kulia. Nikasema Januari. Nikamweleza na habari ya yule Mjerumani wa barafuni, mabao 2, lakini naona hapo hakunisikiliza. Alikuwa anatazama chini, anachora kwa kidole cha mguu. Mama akasema, "Itika basi, Mwalimu anaongea na wewe." Akakaa kimya muda mrefu kidogo. Halafu akaniuliza mazoezi ya wadogo ni saa ngapi.

Saa kumi, Jumatatu na Alhamisi. Nikamwambia aje na viatu vyake. Habari ya kuvitunza nitaandika mwezi ujao.